Folio ya Tatu Haipo: namna ya kuvigundua vipindi vya zamani ndani ya Doctor Who mpya

Kazi yangu ni masjala. Kwa wasioijua, masjala ni kile chumba cha wizara ambacho kila barua lazima ipite, igongwe mhuri wa kupokelewa, ipewe namba ya folio, yaani nafasi yake jaladani, na kuingizwa kwenye jalada lake kabla mkubwa yeyote hajaiona. Miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikisoma sentensi moja: "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na." Nimeisoma Dar es Salaam, na tangu mwaka 2019 wizara ilipohamia huku naisoma Mtumba, upepo wa Dodoma ukisukuma vumbi chini ya mlango. Ukiizoea kazi hii, huwezi tena kushika karatasi bila kujiuliza: hii inajibu ipi?

Doctor Who niliiingia kwa mlango huohuo. Kaka yangu alisoma Uingereza, akarudi na sanduku la DVD na tabia ya kunywa chai bila sukari. Tabia ilimshinda, sanduku akaniachia mimi. Sasa binti yake yuko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwisho wa wiki analala kwangu Ilazo, na yeye ndiye anayeleta vipindi vipya kwenye laptopu. Mimi nina majalada ya zamani, yeye ana barua zilizoingia leo. Haya ninayoyaandika tumeyapata kwa kubishana.

Kwa aliyepita njia tu: tamthilia hii ilianza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Inamhusu mtu mmoja, Daktari, anayesafiri katika wakati kwa kibanda cha polisi cha rangi ya buluu, TARDIS, ambacho kwa ndani ni kikubwa kuliko kwa nje. Akikaribia kufa hubadilika mwili na sura, na kwa ujanja huo mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alimpisha Patrick Troughton mwaka 1966 na kisa hakikufa. Ilisimama mwaka 1989, ikajaribiwa kwa filamu moja ya runinga mwaka 1996, ikarudi mwaka 2005. Wengi walioiandika tangu irudi walikuwa watoto waliokaa sakafuni kuitazama ile ya zamani. Ndiyo maana imejaa marejeo: watu wazima wanajibu barua walizozipokea utotoni.

Sasa kanuni yenyewe, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Tafuta kitu kilichopewa muda lakini hakina kazi.

Nieleze. Katika The Sound of Drums ya mwaka 2007, adui mkubwa wa Daktari, anayeitwa the Master, amejipenyeza hadi kuwa waziri mkuu wa Uingereza. Dunia iko ukingoni. Katikati ya hayo yote tunaonyeshwa mheshimiwa huyo akitazama kipindi cha watoto wachanga, Teletubbies, na kustaajabia viumbe wenye runinga tumboni. Sekunde chache tu. Ukizikata, kisa hakipungukiwi kitu. Basi zinafanya nini pale? Zinajibu The Sea Devils ya mwaka 1972. Humo the Master, akiigizwa na Roger Delgado, ni mfungwa kwenye kisiwa, na anaonekana amekaa mbele ya runinga akitazama Clangers, vibaraka vya watoto vya enzi hizo, kwa udadisi uleule. Miaka thelathini na mitano imepita katikati, mtu yuleyule, udhaifu uleule.

Kwa hiyo zoezi si kukariri vipindi mia nane na ushee. Wanaokariri wapo, Mungu awabariki, ila wengi wao hawafurahii tena kutazama. Zoezi ni kuona pengo. Nina kaunta buku niliyoichora safu nne: dakika, kitu, kazi yake humu, Kumb. Safu ya tatu ndiyo mama. Kama naweza kuijaza, nasonga mbele hata kama kitu chenyewe ni cha ajabu. Bunduki imeonekana ukutani, baadaye ikapigwa, basi ina kazi, achana nayo. Safu ya tatu ikibaki wazi, hapo ndipo nafungua sanduku la kaka.

Lakini usiifanye mara ya kwanza unapotazama. Hapa ndipo mimi na binti tulipogombana sana.

"Shangazi, simamisha, simamisha! Umeona kile?"

"Sisimamishi. Nataka kujua kama wanakufa."

Tulifikia mwafaka: Ijumaa usiku kipindi kinakwenda mpaka mwisho bila mtu kugusa kitufe. Jumamosi, nguo zikishaanikwa, tunarudia na kaunta buku mapajani. Anayesimamisha mara ya kwanza hupata vitu vidogovidogo na kukosa kikubwa, kwa sababu kikubwa mara nyingi ni umbo la kisa kizima, na umbo halionekani ukiwa umelikatakata.

Jumamosi hiyo anza na mbao. Mabango, vibao vya milango, majina kwenye karatasi, bahasha. Mtengenezaji wa seti lazima aandike kitu kwenye kibao, na mtu anayelipwa kuandika kitu chochote anachotaka ataandika kinachompendeza yeye. The Day of the Doctor, kipindi cha kuadhimisha miaka hamsini kilichorushwa tarehe 23 Novemba 2013, kinafunguka kwa picha nyeusi na nyeupe na muziki wa zamani. Polisi anapita, tunaona jina I. M. Foreman, kisha kibao cha shule ya Coal Hill. Mara ya kwanza nilisoma jina la shule tu. Jumamosi nikasimamisha na kusogeza kiti. Mwenyekiti wa bodi: I. Chesterton. Mwalimu mkuu: W. Coburn. Nikaandika majina yote mawili. Kazi yake humu: sifuri. Hakuna mtu wa jina hilo anayetokea katika kisa.

Nikatoa DVD ya kipindi cha kwanza kabisa. Ian Chesterton ni mwalimu wa sayansi wa shule hiyohiyo. Yeye na mwenzake Barbara Wright wana mashaka na mwanafunzi wao Susan, wanamfuata usiku hadi kwenye yadi ya vyuma chakavu, namba 76 Totter's Lane, geti limeandikwa I. M. Foreman, wanaingia ndani ya kibanda kilichoegeshwa humo, na ndiyo imetoka hiyo. Sasa hebu fikiria: yule kijana wa mwaka 1963 alirudi nyumbani, akaendelea na shughuli zake, na uzeeni amekuwa mwenyekiti wa bodi ya shule aliyoitoroka. Maisha ya mtu mzima yameandikwa kwa herufi moja na jina la ukoo, kwenye kibao kinachopita haraka. Mimi nilikaa kimya kidogo. Na Coburn? Anthony Coburn ndiye aliyeandika kisa cha kwanza, na aliyekiongoza alikuwa Waris Hussein, kwa hiyo hata ile W. wapenzi wengi huisoma kwamba ni yake.

Faida ya hapo: jina lisilo na kazi usilitafute kwa wahusika peke yao, litafute pia kwa waliotengeneza. Katika Human Nature ya mwaka 2007 Daktari amesahau yeye ni nani, anadhani ni mwalimu wa kawaida, na akiulizwa wazazi wake anawataja Sydney na Verity. Sydney Newman ni mmoja wa walioibuni tamthilia hii, na Verity Lambert ndiye mtayarishaji wake wa kwanza. Wazazi kweli.

Tahadhari ya kimasjala: makosa ya tahajia yapo. Katika Remembrance of the Daleks ya mwaka 1988 tunarudishwa kwenye yadi ileile, na geti limeandikwa Forman, bila e. Binti alijenga nadharia ndefu kuhusu ulimwengu mwingine sambamba. Mwanangu, mtu alikosea kuandika. Ingekuwa barua ningeirudisha. Kwa hiyo ukitafuta jina, litafute na kwa tahajia mbovu, na usiipe kila herufi iliyopotea hadhi ya siri.

Huyo Ian, kabla sijamwacha. Mwigizaji wake, William Russell, aliondoka kwenye tamthilia mwaka 1965. Mwaka 2022, katika The Power of the Doctor, kamera inapita kwenye kikundi cha watu waliowahi kusafiri na Daktari, wamekaa kwenye viti wakipeana moyo, na mmoja ni yeye, ana miaka 97. Miaka 57 kati ya kutoka na kurudi, na Guinness waliiweka kwenye rekodi. Anachosema ni kidogo tu: anashtuka kusikia Daktari, ambaye sasa ni mwanamke, akitajwa kwa neno la Kiingereza la kumtaja mwanamke. Nilijaribu kumtafsiria jirani kichekesho hicho, kikanifia mdomoni. Yeye ni yeye. Kiswahili hakishtuki.

Baada ya macho, masikio, na hapa wengi wanalala. Ile sauti ya TARDIS ikitua, kama bati linakwaruzwa kisimani, Brian Hodgson aliipata mwaka 1963 kwa kukwaruza nyaya za piano kuukuu kwa ufunguo wa mlango. Haijaondoka mpaka leo. Kuna na kengele, nzito, inasikika kama iko chini ya ardhi. Ilianza kusikika katika Logopolis mwaka 1981 na maana yake ni kwamba hali ni mbaya kupita kiasi. Wahusika wapya wakati mwingine hawaambiwi ni kengele gani. Wewe ukishaijua, unashika kiti kabla yao.

Kuhusu masikio nina kisa cha aibu. Juni 2024 tulikuwa tunatazama The Legend of Ruby Sunday. Msimu mzima mwanamke mmoja, mwigizaji Susan Twist, alikuwa akitokea kila wiki katika nafasi tofauti, mara muuza chai, mara picha ukutani, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Safu ya tatu ilikuwa wazi wiki hadi wiki. Sasa anafika kama tajiri wa teknolojia anayeitwa Susan Triad. S. Triad. Pangua herufi, panga upya: TARDIS. Na Susan ni jina la mjukuu wa Daktari, yule mwanafunzi wa mwaka 1963. Nilivunja kanuni yangu mwenyewe, nikasimamisha siku ya Ijumaa.

"Huyo ni Susan. Mjukuu. Naweka dau, kilo ya zabibu."

"Shangazi, wenyewe wamesema kwamba herufi zinapangika hivyo. Wamelisema kwa sauti!"

"Kilo mbili."

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Rejeo la kweli huwa haliiti. Rejeo linalokupungia mkono, ambalo wahusika wenyewe wanaligundua na kulitangaza mapema, ni chambo. Kampuni yake ilikuwa ya teknolojia, na Susan kwa mkato ni Sue. Sue Tech. Jina lilikuwa limefichwa ndani ya jina, chini ya lile la kwanza, nami nimeshiba na la juu.

Umeme ukakatika. Runinga ikafa, laptopu ikabaki na betri yake, na sauti ikahamia kwenye vile vispika vyake vidogo. Tupo gizani, binti anapapasa akitafuta tochi ya simu, na kwenye giza hilo ikatoka sauti ya mzee, laini, ya mtu asiye na haraka kwa sababu kila kitu kitakufa tu. Sauti hiyo naijua. Nimeisikiliza mara kumi kwenye DVD ya Pyramids of Mars ya mwaka 1975, Daktari wa Tom Baker na mwenzake Sarah Jane wakiwa Uingereza ya mwaka 1911 na maiti za Kimisri zinazotembea. "Sutekh," nikasema, kabla tochi haijawaka. Na alikuwa Sutekh, adui wa kisa kile, na mwenye sauti alikuwa yuleyule Gabriel Woolf, miaka arobaini na tisa baadaye.

"Sauti umepata," akasema binti. "Zabibu unadaiwa."

Nililipa mwezi wa nane, mavuno yalipoanza. Kilo mbili.

Rejeo la aina nyingine, ambalo mimi nalipenda kuliko yote, ni deni. Hili halina kibao wala sauti; ni jibu la swali lililoulizwa miaka mingi nyuma. Sarah Jane Smith, akiigizwa na Elisabeth Sladen, alisafiri na Daktari kuanzia mwaka 1973. Mwishoni mwa The Hand of Fear, mwaka 1976, Daktari anaitwa kwao na hawezi kwenda naye. Anamshusha, anamwambia amefika nyumbani, Croydon. Kibanda kinaondoka. Sarah anatazama barabara na kuona kwamba hapa si mtaa wao, na pengine hata Croydon si hapa. Mwisho. Miaka thelathini watu wamebaki na hilo. Katika School Reunion ya mwaka 2006 wanakutana, Daktari akiwa na sura nyingine, na katikati ya uchungu wote Sarah analitoa: pale uliponishusha hapakuwa Croydon. Anaulizwa palikuwa wapi. Aberdeen. Mji wa kaskazini mwa Uskoti! Ni sawa na kumwambia mtu umemfikisha Kisasa, kumbe umemwacha Bukoba.

Dalili ya deni ni hii: mhusika anasema jambo kwa hasira kubwa, au kwa kicheko kikubwa, kuliko jambo lenyewe lilivyo mbele yako. Ziada ya hisia ina chanzo. Kitafute chanzo.

Kuna wakati utafuata rejeo mpaka mwisho, ufungue jalada, na folio haipo.

BBC ya zamani ilifuta na kutupa kanda nyingi. Zilikuwa ghali, zilitumika tena, na hakuna aliyedhani mtu angetaka kutazama kitu mara mbili. Kilichookoa vingi ni nakala za filamu zilizouzwa kwenye vituo vya runinga vya nchi nyingine. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mtafiti Philip Morris amepata vipindi tisa vilivyodhaniwa kupotea, kwenye kituo cha runinga huko Jos, Nigeria. Jos! Vimekaa kwenye rafu ya Afrika, kwenye joto na vumbi kama letu, wakati wenye mali wameshachoma nakala zao. Siku niliposoma habari hiyo niliwasomea wenzangu wa masjala kwa sauti. Hatukufanya kazi nusu saa.

Baada ya hapo vilibaki 97 visivyopatikana. Kimojawapo kinaniuma kitaalamu. Kisa cha The Web of Fear cha mwaka 1968 kina vipindi sita. Sasa kipo cha kwanza, cha pili, cha nne, cha tano na cha sita. Folio ya tatu haipo. Na ya tatu ndiyo ambamo anaingia kwa mara ya kwanza Kanali Lethbridge-Stewart, ambaye baadaye akawa Brigedia, rafiki wa Daktari kwa miongo, na ambaye jina lake linarejewa mpaka kesho: binti yake Kate anaongoza UNIT, kikosi cha kupambana na viumbe wa sayari nyingine, tangu mwaka 2012, na mwishoni mwa Twice Upon a Time ya mwaka 2017 kapteni mmoja wa Vita Kuu ya Kwanza anajitaja kwa jina lake kamili, Archibald Hamish Lethbridge-Stewart, na mimi nikapiga goti langu kofi. Marejeo yote hayo yanaelekea kwenye karatasi ambayo haipo jaladani.

Ukikutana na hali hiyo usikate tamaa. Sauti za vipindi vyote vilivyopotea zipo, kwa sababu watazamaji wa wakati ule walizirekodi majumbani mwao. Wale kaa wakubwa wanaotokea chini ya barabara katika Gridlock ya mwaka 2007 ni Macra, na The Macra Terror ya mwaka 1967 haina hata kipindi kimoja kamili cha picha kilichobaki, lakini sauti ipo na mwaka 2019 ilitolewa kwa michoro. Mimi niliisikiliza nikiwa kwenye daladala ya Mtumba, macho nimefumba. Abiria wa pembeni alidhani naomba.

Usianze na mwaka 1963 na kwenda mbele kwa foleni. Utachoka kabla hujafika kwenye rangi, ambayo ilikuja mwaka 1970. Kwa mtazamo wangu visa hivi vinatosha kukufungulia mlango: kipindi cha kwanza kabisa, ambacho ni dakika 25 tu, The Sea Devils, kisha Genesis of the Daleks na Pyramids of Mars, hivi viwili vya mwaka 1975, na kipindi cha mwisho cha The Hand of Fear. Nenda navyo kisha uongeze kadiri kaunta buku inavyokudai.

Nililoacha kwa makusudi ni lile la jirani.

Aprili 2025, The Well. Daktari na mwenzake Belinda wanatua na wanajeshi kwenye kituo cha uchimbaji madini. Wote waliokuwepo wamekufa isipokuwa mpishi mmoja, Aliss, ambaye ni kiziwi. Kuna kitu mgongoni mwake. Hakionekani. Ukimzunguka ukafika nyuma yake kabisa, umekwisha. Wanajeshi wanalieleza kwa mfano wa saa ya ukutani: yeye ni katikati, nyuma yake ndiyo kumi na mbili.

Jirani yetu, mama wa Kigogo kutoka Bahi, akabisha hodi na salamu yake ya mbukwenyi, amekuja kuchukua ungo wake. Akavutiwa, akakaa. Binti akaanza kumtafsiria.

"Huyo mama ni kama katikati ya saa. Ukizunguka ukafika saa kumi na mbili, unakufa."

"Saa kumi na mbili ya alfajiri au ya jioni?"

"Hapana, mama, ile kumi na mbili ya juu. Kwetu ni saa sita."

"Haya. Saa sita ya mchana au ya usiku?"

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikaacha. Saa sita usiku, kwa Kiingereza, ni Midnight, na Midnight ni jina la kipindi cha Juni 2008. Humo Daktari anapanda gari la watalii kwenda kuona maporomoko ya yakuti, kwenye sayari ya almasi ambayo jua lake linaua. Gari linakwama. Kitu kinagonga kwa nje, kinaingia, kinamkalia mwanamke mmoja na kuanza kurudia maneno ya kila mtu. Hakuna anayekiona, hakuna anayejua jina lake, na kipindi kinakwisha bila jibu. Jalada liliachwa wazi, miaka kumi na saba. Na jina la sayari hiyo ni Midnight.

"Ni ileile," nikasema. "Ndiyo ile sayari."

"Shangazi, acha. Ulisema hivyohivyo kwa Susan."

Haikuchukua muda. Daktari akapewa historia ya mahali pale, almasi, jua lenye mionzi ya kuua, akabadilika uso. Ni sayari ileile, miaka 400,000 baadaye. Binti akanitazama, mimi nikamtazama jirani. Tulikuwa na laptopu, kaunta buku na sanduku zima la DVD, na aliyetufungulia ni mtu aliyefuata ungo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tangu hapo nimeongeza zoezi: kitu kikinisumbua nakisimulia kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua lolote, kisha nasikiliza maswali yake. Kiingereza cha wahusika kinateleza masikioni haraka mno. Ukikilazimisha kupita kwenye lugha yako, kinakwaruza, na pale kinapokwaruza ndipo pa kuandika.

Jalada moja bado liko wazi. Mwezi uliofuata, Mei 2025, katika The Interstellar Song Contest, Daktari yuko hatarini na mbele yake anatokea bibi mmoja, mara moja, kisha tena, akimwita babu. Ni Susan. Si Triad, ni yule mwenyewe, na anaigizwa na Carole Ann Ford, yuleyule wa mwaka 1963. Msimu ukaisha bila kueleza kwa nini alikuja. Nikafungua kaunta buku kwenye ukurasa wa Juni 2024, nikamwonyesha binti maandishi yangu: huyo ni Susan, anarudi.

"Sikusema anarudi lini," nikamwambia. "Naomba zabibu zangu. Kilo mbili."

Anasema dau lilihusu yule mwanamke, si jina. Mimi nasema dau limeandikwa, lina tarehe na dakika. Tumekubaliana aamue jirani, lakini jirani anataka kwanza arudishiwe ungo.